Malalamiko Kuhusu Kadi ya IMETOSHA

Zakayo Kipkemboi,
Kapseret,
Eldoret.

Kwa Madam Brigid Nanyama,
Mwalimu wa Kitengo cha Mahitaji Maalum.

Mwalimu wetu mpendwa,

KUH: KADI ZA BINTI YANGU CHERONO

Pokea salamu kutoka kwetu Kapseret. Sisi ni wazima, ng'ombe wanakamuliwa, na mahindi hayajambo. Mimi ndiye baba yake Cherono, yule msichana wa Gredi ya Saba asiyezungumza, ambaye wewe ulimpa kadi za picha ili aonyeshe anachotaka. Kaka yangu mkubwa, Mzee Emmanuel wa Moiben, ameketi nami mezani ninapoandika, na tumekubaliana kwamba jambo hili limefika pa kuandikwa.

Utakumbuka ulituita wazazi shuleni, ukatufundisha namna ya kuwasaidia watoto wetu nyumbani. Ulisema tusiwasemee. Ulisema tuwape nafasi, tungoje. Zaidi ya yote, ulisema mtoto akitoa kadi, nyumba nzima iitii pale pale, kwa sababu akipuuzwa ataacha kuitoa. Mimi ni mzee wa kanisa na katibu wa chama chetu cha maziwa. Sheria nikipewa huifuata. Taabu yote imetoka hapo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kadi ya IMETOSHA. Ina picha ya mkono ulionyooshwa, kama wa askari wa trafiki. Ulisema ni ya uji. Wiki ya kwanza ilitumika kwa uji, na sikuwa na neno. Wiki ya pili Cherono alimwonyesha shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kutujulia hali na ndiyo kwanza anaingia katika habari za magoti yake. Kwa kuwa kadi ni ya kuheshimiwa, ilitubidi tusimame tumsindikize hadi barabarani. Chai yake ilibaki mezani ikitoa mvuke. Kwetu mgeni haondoki kabla ya chai, Mwalimu, na shangazi hajarudi tena.

2. Maombi. Tulikuwa na ibada ya nyumbani, na mimi ndiye niliyeombwa kubariki chakula. Huwa naanza na serikali, nakuja kwa mvua, kisha wagonjwa, kisha wasafiri, halafu chakula chenyewe. Nilikuwa bado kwa serikali nilipohisi kitu kinanigusa pua. Nilipofungua macho, ni kadi ile ile ya IMETOSHA. Nikasema amina. Waumini waliitikia amina kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia tangu nianze kuomba, na sufuria ilifunuliwa kabla sijaketi.

3. Biashara. Broka wa kununua mifugo alikuja kumwangalia ng'ombe wetu mmoja. Nilikuwa namweleza upole wa mnyama huyo, na maelezo yalikuwa yanaenda vizuri. Cherono alikuja na kadi ya INAUMA, akampa broka, kisha akamwonyesha mguu wa nyuma, wa kushoto. Broka alimshukuru, akawasha pikipiki yake, akaenda. Sisemi mtoto alidanganya. Nasema hakuulizwa.

4. Kuenea kwa tatizo. Sasa mama yake ameanza kuiazima ile kadi ya IMETOSHA. Nikiwa katikati ya kueleza jambo la maana, naona mkono wa trafiki unatokea mlango wa jikoni. Nilipopinga, nilijibiwa kwamba Madam hakusema ni ya mtoto peke yake. Akina mama wanaopeleka maziwa wameuliza zinapatikana wapi. Na katika mkutano wa chama, nikiwa nasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, mwanachama mmoja aitwaye Lorraine aliinua kiganja tu, bila hata kadi. Kila mtu akaelewa. Mkutano ukafungwa nikiwa ukurasa wa kwanza. Hii si elimu ya mtoto mmoja tena, Mwalimu, ni utawala.

5. Hili la mwisho ndilo lililotukalisha hapa. Kaka yangu alikuja na pendekezo, na lilikuwa pendekezo la heri: kwamba muhula huu ukiisha Cherono aache shule, aende akae kwa nyanya yake Moiben asaidie kukamua, kwa kuwa mtoto asiyesema atafanya mtihani gani. Ukoo ulisikiliza. Mimi ni mdogo wake, na kwetu mdogo hamkatizi mkubwa, kwa hiyo nilitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuchukuliwa vyovyote. Ndipo Cherono alipoinuka. Alichambua kadi zake bila haraka yoyote. Akaweka mbele ya kaka yangu kadi ya NATAKA. Kando yake akaweka kadi ya SHULE. Kisha akasimama pale, akangoja.

Kadi mbili kwa mpigo! Katika mafunzo yako kila kadi ilikuwa na kazi yake. Hakuna mzazi aliyeonywa kwamba zinaweza kuungana. Zikiungana mbili leo, kesho zitaungana tatu, na akifika Gredi ya Tisa binti huyu atakuwa na hoja. Nani ataweza kuketi naye kikaoni? Kaka yangu alisema mtoto amekosa adabu.

Kwa hayo yote tunaomba, kwa heshima: kadi zirudishwe shuleni, ile ya IMETOSHA ichomwe kabisa, jina la Cherono liondolewe katika kitengo muhula ukiisha, na wazazi wasiitwe tena kwenye mafunzo, maana wanarudi nyumbani na kuyafanya.

Wasalimie walimu wenzako wote, mpishi, mlinzi wa lango, na dereva wa basi la shule, ambaye Cherono hataki kukaa mbali na kiti chake. Mungu awatunze.

Ni mimi, mzazi mwenye manung'uniko,

Zakayo Kipkemboi
Mzee wa Kanisa na Katibu wa Chama cha Maziwa

Tanbihi: Kaka yangu ameisoma barua hii mara mbili, ameipenda, na ameshapanda boda boda kwenda kutafuta gari la Moiben. Sasa niko peke yangu. Mwalimu, usiliondoe jina la mtoto, na usichukue kadi hata moja. Yale ya maombi na ya broka yaliniuma kweli, sikatai. Lakini Cherono ana miaka kumi na mitatu, na siku ile mbele ya ukoo ndiyo mara ya kwanza nilipojua anachotaka bila kubahatisha. Nilikaribia kulia. Kaka nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, Jumamosi nikienda kwake. Nina ombi moja tu. Katika zile kadi mama yake yumo, nyanya yake yumo, hata ng'ombe yumo. Mimi simo. Akinitaka huleta ile ya MSAADA, nami huacha nilichoshika nikakimbia nikidhani ameumia, kumbe anataka tu nikae karibu naye. Naambatisha picha yangu ndogo ya pasipoti. Tafadhali ifunikwe kwa plastiki ngumu, natumaini itashikwa sana.