Bawa la Ndege ya Marehemu Afisa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Leo nimeitwa na Mariam Poni, mjane wa Sajini Afisa (Afisa ni jina lake, si cheo). Mimi Swadiki! Katika Koboko nzima, mimi. Marehemu alikuwa fundi wa ndege jeshini. Kabla hajafa, binti yao Linda alimletea boksi la ndege ndogo ya plastiki ya kuunganisha, vipande hamsini na vinne, aina ileile aliyoitengeneza kazini. Mzee akaugua kabla ya kulifungua. Jumapili ni hitima ya mwaka mmoja, na mjane anataka ndege isimame kando ya picha yake.
Alifikiria kumwita Celestino, mkimbizi wa Yei, ng'ambo ya mpaka, anayeunda vijumba vya mfano kule Arua. Nikamwambia Celestino ni mtu mzuri, ila akianza leo atamaliza Krismasi. Mimi naunga mabeseni na viti mwaka wa kumi na moja. Akanikabidhi boksi kwa mikono miwili. Sikutaja baraza la nyumba yake linalotazama barabara, ambalo anatafutia fundi mwaminifu wa kufanyia kazi hapo. Nililitazama tu. Sana.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeanza na vioo vya rubani. Supagluu, matone mawili. Vimeshika papo hapo! Nikaenda kunywa chai. Kurudi, vioo vimeingia ukungu mweupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nikafuta. Nikaacha alama ya kidole.
Kisha bawa la kushoto likakataa kushika kwenye ndege, likashika kwenye kidole gumba changu. Wakati huohuo Sheikh wa msikiti wetu anapita. Nikaficha mkono mfukoni, nikamsalimu kwa kichwa. Akauliza kama nimeumia. Nikasema ndiyo. Akaniombea dua pale pale, ndefu.
Mke wangu Night aliloweka mkono wangu kwenye maji ya moto na sabuni. Bawa likatoka na ngozi. Akasema, "Wewe rudisha hii kitu ya watu. Iko ya marehemu." Hajui mambo ya ndege.

Jumatano, 8 Oktoba
Wazo: kupaka rangi kwanza, kuunga baadaye. Rangi ya fedha, vipande vyote. Vilipendeza! Lakini hakuna kilichoshika. Gundi ilishika rangi, rangi ikaachia plastiki. Mkia umeanguka mara sita.
Nikaenda Arua kwa Celestino. Nikajifanya nauliza kwa niaba ya rafiki yangu. Celestino hakucheka. Alisema rafiki yangu aoshe vipande kwa sabuni, maana vinatoka kiwandani na mafuta. Akwangue rangi pale vinapokutana. Aache supagluu, atumie gundi ya plastiki yenyewe, ambayo inayeyusha kidogo pande zote mbili mpaka ziwe kitu kimoja. Tone dogo, kwa ncha ya brashi. Halafu angoje siku nzima. Akanipa chupa yake mwenyewe, bure. Wakati wa kuagana akatazama kidole changu chenye kidonda. "Ambia huyo rafiki," akasema, "asikimbize hii kazi. Hii kitu iko nataka mutu ya kungoja."
Njiani nilimdharau kidogo. Siri zote ametoa!

Alhamisi, 9 Oktoba
Sikukuu ya Uhuru, bendi inapita. Nimeosha. Nimekwangua. Tone dogo, bawa la kulia. Limeshika vizuri ajabu.
Nikafikiri: ikiwa tone moja linashika hivi, kumi je? Bawa la kushoto nikalimwagia. Na kwa kuwa siku nzima ni nyingi, nikaianika ndege juani, juu ya bati la paa.
Saa saba nikapanda kuitazama. Bawa limelainika, limeinama hadi chini, kama mkono wa mtu aliyezimia. Nimekaa juu ya bati muda mrefu. Bendi imeshapita.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mpango: kumwambia mjane kwamba ndege hiyo iliangushwa vitani na hivi ndivyo ilivyokuwa. Nilijizoeza maneno njia nzima.
Akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyonipa. Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye bawa lile. Nikaanza habari za vita.
"Baba Linda hakuwahi kukubali ndege itoke kwake namna hii," akasema. "Hata moja." Hakupaza sauti. Akafuta macho kwa ncha ya shuka alilojitanda, akauliza kama nimekula.
Nilikula. Sijui nilikula nini. Kisha nikamwambia ukweli wote, mpaka habari ya baraza. Akachukua simu akampigia Celestino.

Jumamosi, 11 Oktoba
Celestino amefika asubuhi. Hakuniuliza habari za rafiki yangu. Alikata bawa kwa wembe, akalinyoosha kwenye maji ya moto. Mabaki ya fremu, ile plastiki iliyoshikilia vipande boksini, akayayeyusha ndani ya gundi, akapata uji mzito wa kuziba mashimo. Vioo vipya akakata kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Mimi nikapewa kazi ya kushikilia bawa lisicheze. Kwa muda wa saa mbili na nusu!
Akaniambia kijumba cha kwanza alichounda ni mfano wa nyumba yake mwenyewe ya Yei, baada ya kuikimbia. Alianza kusahau dirisha la jikoni liko upande gani. Mkono uliniuma sana. Sikuuondoa.

Jumapili, 12 Oktoba
Hitima imesomwa. Ndege ilisimama kando ya picha. Wazee wa jeshi waliinama kuitazama mmoja mmoja, na mmoja alipiga saluti. Mariam Poni akatangaza kwamba kazi ni ya Celestino, na Swadiki alishika bawa. Baraza amepewa Celestino. Ni haki. Nililia kidogo, na moyoni nikaapa kutogusa tena kazi nisiyoijua.
Baada ya pilau, Kaltumu, shemeji wa marehemu, akauliza kama kuna mtu anaweza kuunga meno ya bandia. Ya baba yake mwenyewe yamevunjika katikati, na Jumamosi ijayo mzee anatoa hotuba ya harusi. Celestino alifungua mdomo, nikahisi atasema inahitaji wiki.
Nikamwahi. Nimemwambia Kaltumu mzee atayavaa kesho jioni.