Kila Ukurasa Uwe na Sahihi

Kwa furaha isiyo kifani, Kamati ya Kukataa Zabuni Zisizokidhi Masharti ilitangaza kwamba mwaka ule imezikataa zabuni zote isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa bado haijafunguliwa.

Mwenyekiti alilisoma tangazo mara mbili, akafumba macho, akamshukuru Mungu. Kukataa si lelemama. Mtu mwingine angeingiwa na huruma, haki ikaharibika. Yeye aliwahi kukataa zabuni kwa sababu ya wino uliopauka, na nyingine kwa kufika mapema mno, jambo lililoonyesha pupa.

Iliyobaki ilihusu mabomba ya wodi ya wazazi. Kwa miezi minne wodi haikuwa na tone la maji. Waliojifungua waliletewa ndoo kutoka nyumbani.

Karani akafungua bahasha. Ilikuwa ya fundi bomba, mama wa makamo aliyejifunza kusoma ukubwani. Kurasa thelathini na moja. Chini ya kila ukurasa, kwa herufi za mviringo zilizojipanga kama mayai kwenye trei, palikuwa na neno moja: Sahihi.

Fundi akaitwa.

"Mama, sahihi yako iko wapi?"

"Hiyo hapo, mzee. Na hiyo. Na hiyo. Mkono uliniuma siku mbili."

"Hili ni neno tu! Mimi nataka sahihi."

"Neno lina kosa?"

"Halina. Ni sahihi."

"Sasa mzee, ugomvi wetu uko wapi?"

Karani akakohoa ndani ya kiganja.

"Sharti la saba nililiandika mwenyewe," alisema mwenyekiti. "Kila ukurasa uwe na sahihi."

"Na mimi nikalisoma mwenyewe. Sikuongeza, sikupunguza."

"Imekataliwa."

"Na wale wazazi, baba? Mtoto wa jana ameogeshwa kwa kikombe."

"Masharti hayaogi, mama."

Sentensi hiyo ilimpendeza mwenyewe, akaamuru iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Fundi hakulia wala hakutukana. Alikata rufaa.

Mkaguzi wa rufaa alikuja na rula yake mwenyewe. Maofisini walimwita Bwana Nukta. Mwenyekiti alimpenda papo hapo, kama mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea.

Bwana Nukta alisoma sharti la saba kwa sauti. Akasoma la kwanza, linaloagiza masharti yafuatwe yalivyoandikwa na si vinginevyo. Kisha akazipekua zabuni za washindani.

"Sharti linataka sahihi. Huyu mama ameandika sahihi. Wenzake wamechora minyoo. Aanze kazi leo."

"Lakini, ndugu mkaguzi..."

"Sijamaliza. Nimepitia barua zako za miaka kumi na moja. Nazo zina minyoo mitupu. Hata ile ya kukubali uenyekiti. Kwa hiyo hukuwahi kuukubali."

"Basi mimi hapa ni nani?"

"Mgeni. Na kitabu cha wageni hujaandika."

Hata hivyo Bwana Nukta hakuwa mtu wa roho mbaya. Alimruhusu kuomba upya cheo chake. Fomu ya ukurasa mmoja, mwisho Ijumaa saa sita mchana, sharti la saba lizingatiwe.

Ijumaa mwenyekiti alifika na kalamu mpya. Alisali kwanza. Kisha akainama juu ya fomu, ncha ya ulimi nje, akaanza kuandika herufi moja moja. Alipofika katikati ya neno, vigelegele vililipuka upande wa wodi: maji yametoka! Mkono ukamruka. Akajikaza, akamaliza.

Karani aliipokea fomu. Akaisoma, akaisoma tena, kwa umakini ule ule aliofundishwa na mwenyekiti.

"Umeandika *saihi*, mzee," alisema kwa upole. "Hii si sahihi."

Akaigonga muhuri mwekundu, akauliza kama kuna mwingine nje.