Sarafu Aliyoiokota Vito

Jumatatu, 4 Machi
Nimerudi makumbusho. Kibao ni kilekile, chini ya sarafu ya dhahabu ya Kaisari Trayano: "Zawadi ya Baroni Saverio." Zawadi! Aliyeisukuma plau iliyoifukua ni baba yangu, Vito. Baroni, mwenye shamba, alinyoosha mkono tu kuipokea. Mama ana miaka themanini na minane. Anataka kulisoma jina la mumewe pale kabla macho hayajazima. Mkurugenzi, Dokta Ginevra, kasema bila shahidi habadilishi hata nukta. Nikamhutubia dakika arobaini kuhusu historia ya wanyonge. Kazima taa.

Jumanne, 5 Machi
Gazeti limekataa barua yangu ya kumi na tisa. Waoga! Basi, mabango mji mzima: picha ya Mama, jina lake INCORONATA kwa herufi kubwa, madai chini. Gerardo mpiga chapa kaniuliza kama kweli nataka ukingo mweusi. Nikamwambia weusi ni hadhi, asinifundishe kazi.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Hapa kwetu ukingo mweusi ukutani ni tangazo la kifo, na hakuna asomaye zaidi ya jina. Saa tatu asubuhi jirani Carmela kagonga, analia, sufuria ya supu ya wafiwa mkononi. Mama ndiye aliyefungua. Carmela nusura azimie. Mama kamwambia: "Ingia, mwanangu, marehemu ana njaa."

Kufikia adhuhuri nyumba imejaa. Wengine walitaka kurudi na tambi zao. Mama kakataa katakata. Mzee Canio, aliyekuwa akiswaga ng'ombe wa plau siku ile, akasimulia: Vito aliipangusa sarafu kwa mate, akakimbia kumwonyesha Incoronata kwanza, ndipo akampelekea baroni. Mama akafumba kiganja kana kwamba bado imo. Dokta Ginevra, aliyekuja na shada la maua, alikuwa anaandika kila neno.

Jumamosi, 9 Machi
Kibao kipya! "Iligunduliwa na Vito Cillis, mkulima." Mama kakisoma mara tatu, kisha akabusu kioo. Mlinzi kajifanya haoni. Mimi nililia kidogo. Vumbi.

Lakini jina la Kaisari liko juu, la Baba chini! Trayano alilima wapi? Mama kaniambia: "Baba yako ameshapumzika, Ermete, nawe pumzika." Maskini, uzee huridhika upesi. Barua ya kwenda kwa waziri imefika ukurasa wa sita.