Ombi la Kuwanyang'anya Wazazi Simu Kabla ya Watoto

Nyalukemba, Bukavu, Jumatano

Kwa Papa Polycarpe,
Rais wa Kamati ya Kuwalinda Watoto dhidi ya Mtandao, katika shirika letu la parokia

Nakala kwa: Maman Valérie, mke wa Rais; na Élie, mdogo wangu, miaka kumi na mmoja, fundi wa Rais

Papa Rais,

Tangu Jumapili kuna sauti moja ambayo haijatoka masikioni mwangu. Ni sauti ya simu inayotetemeka ndani ya sanduku la bati: ngrrr, ngrrr, ngrrr, kisha kimya, kisha tena. Ulikuwa umesimama sebuleni kwetu mbele ya familia kumi na mbili za shirika, ukieleza kwa nini simu za watoto wote zimekusanywa na kufungiwa humo hadi mkutano uishe. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa shati lako. Bati liliikuza ile sauti hadi ikawa kama nyuki aliyenaswa ndani ya sufuria. Ukasema, "Musikie! Hata mu kifungo Shetani anaita!" Watu wakapiga makofi. Mtoto aliyekaa karibu nami hakupiga makofi. Nilihisi bega lake likiruka kila mara simu ilipotetemeka.

Ninakuandikia rasmi, ingawa tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Mezani wewe ni papa yangu na siwezi kukukatiza. Kwenye karatasi wewe ni Rais, na Rais hupokea malalamiko.

Jumapili ijayo shirika litapigia kura azimio lako lenye vifungu vitatu. Kwanza, mtoto yeyote ambaye hajamaliza sekondari hatakuwa na simu. Pili, simu zitakazokamatwa zitakaa sandukuni. Tatu, mtoto atakayegunduliwa kuwa anaongea mtandaoni na mtu asiyemjua atasimama na kutajwa jina mbele ya shirika lote, ili wengine wapate funzo. Nia ninaikubali. Hatari ipo, tena ni kubwa. Ninachosema kwa heshima zote ni kwamba kamati imekosea mtuhumiwa.

1. Sanduku lilifungwa likiwa na simu kumi na saba, zote za watoto. Za wazazi zilibaki mikononi mwa wazazi, wala hazikukaa kimya. Papa Constantin, makamu wako, alipokea yake katikati ya Baba Yetu. "Niko mu sala, unipigie kisha," alisema, halafu papo hapo: "Non, non, sema tu, nakusikia!" Tulipofika kwenye kusamehewa makosa yetu tulikuwa tumekwisha kujua kwamba mbuzi wa shemeji yake huko Walungu amezaa mapacha. Watoto walikuwa wamefumba macho muda wote. Ninaomba hilo liandikwe kwenye ripoti.

2. Kamati inafundisha kwamba mtoto asimwambie mtu asiyemjua jina lake, shule yake wala mahali anapokaa. Ni fundisho zuri. Nilitafuta ni nani anayezitoa habari hizo kwa niaba ya watoto wetu, nikawapata: ni mama zao. Nitoe mfano wa karibu. Mdogo wangu Bintu alipotimiza miaka kumi na minne, Maman alimpiga picha mbele ya lango letu, amevaa sare, nembo ya shule inasomeka vizuri kifuani. Chini yake akaandika jina lake lote, tarehe ya kuzaliwa, jina la Mireille mama yake wa ubatizo, na kwamba kila Jumamosi saa tisa anaimba kwaya. Akaitundika Facebook, mahali ambapo dunia nzima inapita, pamoja na "Mungu ni mwema" mara tatu. Mwizi wa zamani alilazimika kusimama wiki nzima kwenye kona akiichunguza nyumba. Wa leo analetewa ripoti, tena yenye picha. Nilipomwomba Maman aiondoe, alinitazama kama niliyemwomba amwondoe mtoto mwenyewe. "Niitoshe? Na batu mia mbili bamekwisha kuipenda?"

3. Hili linakuhusu wewe binafsi, uniwie radhi. Mwezi uliopita tonton Glody, mjomba wa kioski cha simu, alikuwekea ile programu ya kuwasimamia watoto: mzazi anapanga saa, simu ya mtoto inajifunga. Ilipouliza nani ni mzazi na nani ni mtoto, macho yako yalikuwa yamechoka, ukampa Élie ajaze. Élie hujibu maswali jinsi anavyoyaona mambo. Aliona kwamba mzazi ni yule anayeifahamu simu. Kwa siku kumi na moja, Papa, ulikuwa mtoto wa miaka tisa. Simu yako ilijifunga kila siku saa moja kamili jioni. Ukasema ni mtandao. Ukasema ni mvua. Ukaibadilisha betri. Ikakukatalia video zako za mieleka kwa sababu zina vurugu.

Lakini ukweli lazima niuseme: zilikuwa siku nzuri. Ulimsaidia Maman kuchambua maharage. Ulituuliza tunasoma nini, kisha ukangoja jibu. Hakuna mtu katika Bukavu yote aliyewahi kuthibitisha wazi namna ile kwamba programu hiyo inafanya kazi. Inafanya kazi kwa watu wazima.

4. "Usiongee na mtu usiyemjua," unatuambia. Kila asubuhi kabla ya chai, Sœur Sophie wa Kanada anakutumia ua la waridi linalometameta pamoja na mstari wa Zaburi, nawe unamjibu "Amina, dada." Hujawahi kusikia sauti yake. Nilipouliza ni wa masista gani, ulinijibu, "Ule ni mutumishi wa Mungu. Uache ubaya." Mwezi wa tatu akaomba picha ya familia ili atuombee mmoja mmoja. Ulitupanga kwa urefu, ukatupiga picha, ukaandika majina chini ili Mungu asichanganyikiwe.

5. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sitanii.

Mtoto mmoja wa shirika hili aliandikiwa na mtu anayejiita Steve, eti mwanafunzi wa Goma mwenye miaka kumi na sita. Mtoto huyo sitamtaja, kwa kuwa kifungu cha tatu bado hakijapigiwa kura. Ukikisia ni nani, nyamaza. Kukisia si kutaja. Steve alimtakia heri ya siku ya kuzaliwa, tena tarehe yenyewe. Aliijua shule yake na aliijua kwaya yake. Mtoto akadhani ni mtu wanayefahamiana, ila amemsahau. Kwa wiki tatu walizungumza juu ya hesabu na muziki. Kisha Steve akaanza kuomba picha. Mtoto akakataa. Steve hakumtisha kwa kisu wala kwa askari. Alimwandikia maneno haya tu: "Usiponitumia, nitamwambia papa yako kwamba unaongea na mimi."

Yasome tena, Papa Rais. Mtu yule ana silaha moja, na silaha hiyo ni wewe. Hakuitafuta mbali. Kamati yako ilimkabidhi, na Jumapili itamjazia risasi. Ile simu iliyotetemeka ndani ya bati ilikuwa ya mtoto huyo, na aliyekuwa akipiga ni Steve. Mtoto hakuweza kuikata, hakuweza kumfungia njia, hakuweza hata kuizima. Wewe ulikuwa na ufunguo, Steve alikuwa na namba, na yeye alikuwa na bega lake.

Amenieleza mimi yote, kwa hiari yake mwenyewe, kwa sababu mimi nimesoma na simfokei mtu. Watu wazima wengine wa nyumba za shirika hili hawawezi kujivunia hivyo.

Kwa hiyo ninaomba azimio lirekebishwe. Kazi haitakuwa kubwa: palipoandikwa "mtoto" paandikwe "mzazi."

Wazazi wote waweke simu zao sandukuni kila siku kuanzia saa kumi na mbili, na ufunguo ukae kwa Élie. Saa nyingine wazitumie sebuleni tu, mahali ambapo mtoto anakiona kioo. Mzazi anayetaka kutundika picha ya mtoto aombe ruhusa ya mtoto huyo kwa maandishi, na mtoto apewe wiki mbili za kufikiri. Mzazi atakayesema "wakati yetu hakukukuwa telefone na tulikomaa muzuri" atwange majani ya sombe ya shirika zima, wala asisaidiwe. Kila mwaka kuwe na mtihani, watoto wasimamie, na watakaoshindwa warudishiwe simu za vitufe hadi watakapoonyesha maendeleo. Mzazi atakayegunduliwa kuwa anaongea na mtumishi wa Mungu asiyemjua asimame na kutajwa jina.

Najua watapinga. Watasema ni aibu kubwa, kwamba mtu akifanyiwa hivyo ataanza kuficha mambo, kwamba hakuna anayejifunza akiwa amesimamishwa mbele za watu. Ninaomba katibu ayaandike maneno yao yote, neno kwa neno, bila kuyafupisha. Kisha ayasome kwa sauti pale kamati itakaporudi kuwajadili watoto.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Kifaransa, najua utaisahihisha barua hii kabla ya kuijibu. Nimekuachia nafasi pembeni. Msalimie Maman, ingawa nitamwona kabla yako, maana leo zamu ya kupika ni yetu. Msalimie Papa Constantin, na shemeji yake umpe hongera ya mapacha. Tonton Glody umwambie hatuna kinyongo. Élie nampa pole kwa mzigo wa malezi, akiwa na umri mdogo hivyo.

Ninabaki kuwa binti yako mtiifu, na mwanachama wa shirika asiyetulia,

Priscille

N.B. Mtaa wa Kasha, Ijumaa.

Papa, barua hii ilikuwa iwekwe juu ya meza yako jana asubuhi. Imechelewa, na sasa ninakuomba usiamini sehemu yake kubwa.

Mtoto wa lalamiko la tano hakunieleza kitu. Jumatatu, Bintu alipokuwa akifua nguo uani, niliichukua simu yake kitandani, nikaifungua kwa namba nilizokuwa nimemwona akizibonyeza, nikasoma yote. Nilijiambia kwamba huo ni ulinzi. Kisha nikaketi kukuandikia kurasa ambazo zingekufanya umjue kabla hujafika mwisho, huku nikijisifu kwamba sikumtaja.

Jana asubuhi nilimuuliza, kwa ile sauti ya upole niliyoipata chuoni, kama Steve bado anamsumbua. Hakuwahi kunitajia jina hilo. "Yaya," akaniita kama dada yake mkubwa, "weye uko mubaya kupita Papa." Halafu akatoka, akaja moja kwa moja kwako kwenye banda la kuku.

Nilisimama nyuma ya dirisha nikasikiliza. Ndiyo, hata baada ya hayo. Nilingoja ufoke, nilikuwa hata na sentensi tayari ya kukujibu. Uliweka nyundo chini. "Bintu, mama yangu, juu ya nini ulibeba ii mambo peke yako?" Alilia, nawe ukamwacha alie mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Kuya hapa, unionyeshe vile banamufungaka." Akakwambia, "Ngoja kwanza, Papa, tuchunge maneno yake yote, kisha njo tumufunge." Mkayahifadhi, kisha mkamfungia njia, vichwa vyenu vimegusana juu ya kioo kile kidogo. Ukakohoa. "Na miye niko na wangu," ukamwambia, ukamwonyesha Sœur Sophie. Bintu alicheka hadi kuku wakatawanyika. Hakuwa amecheka tangu Jumapili.

Nimeiona pia karatasi ya azimio mezani kwako. Kifungu cha tatu umekifuta kwa mistari miwili, kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Hukuhitaji barua yangu. Mtu mzima aliyepaswa kuogopwa katika nyumba hiyo alikuwa mimi, mwenye miaka ishirini na minne na diploma ukutani.

Nilimwomba Bintu msamaha. Alijibu, "Nimesikia," na sote tunajua hilo si kusamehe. Basi jana mchana nilikunja godoro langu, nikapanda basi, nikaja huku Kasha kwa dada yako, tantine Ghislaine. Nguo zangu nimekwisha kuzipanga kwenye rafu aliyonipa. Chumba tulicholala pamoja sasa ni cha Bintu peke yake, na akitaka kujifungia kwa ndani, ajifungie. Maman asije kunichukua. Siku ya kurudi nimemwachia Bintu aiseme, na nimemwambia kwamba sitamuuliza.