Diwani Prowse Azindua Uzio wa Bwawa la Bundarook

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, ambaye ametoa udhuru. Mheshimiwa makamu wake, ambaye naye ametoa udhuru. Wachungaji, walimu, wadau wote wa maji, na ninyi akina mama wa chama cha kuogelea mnaotukaangia soseji na vitunguu katika jua hili la Desemba: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka upande wa soseji.)

Mimi, Desmond Prowse, diwani wenu kwa mihula minne, nimesimama hapa kuzindua Mkakati Shirikishi wa Kuzuia Kuzama Majini, ambao kwa mujibu wa tathmini niliyoifanya mwenyewe umeshapunguza hatari kwa asilimia tisini na nne nukta tatu, kwa kutumia uzio wa kisasa, geti linalojifunga lenyewe na waokoaji sita waliobobea. (Sauti ya mama: "Des, toa hilo kasha la bia, geti lijifunge!") Bi Noreen Tully, nakuheshimu, lakini kasha limeegemezwa pale kwa utaratibu, kama tunavyofanya sote majumbani, ili mwenye sahani mbili mkononi asisumbuke. (Vicheko. Noreen: "Nina mjukuu wa miaka mitatu hapa, wewe. Maisie! Jamani, mmemwona Maisie?") Mtoto yuko mikononi mwa halmashauri, mama. Tuko watu wazima mia mbili hapa, na wote tuna macho. (Wote wanamtazama diwani.)

Nikirejea kwenye mkakati, awamu ya kwanza ni uhamasishaji, ya pili ni tathmini ya uhamasishaji, na ya tatu... (Kishindo majini. Mayowe. Noreen amejitosa na nguo zake.) Naomba utulivu, zimebaki kurasa tisa tu. (Noreen anaibuka akiwa amembeba Maisie. Mtoto anakohoa, kisha analia.) Mnasikia anavyolia kwa nguvu? Hayo ndiyo matokeo tunayoyazungumzia. (Noreen, ameketi ukingoni, amemkumbatia mtoto: "Nilidhani ametutoka, Des. Nilidhani ametutoka.")

Kwa hiyo tuseme pamoja: Maji Salama! Bundarook Salama! (Anayeitikia ni mbwa tu, kwa kubweka.)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru waokoaji wetu sita, ambao nafasi zao zitatangazwa mara kamati itakapoundwa. Namshukuru mkandarasi wa mji jirani aliyetuazima uzio na geti kwa ajili ya picha. Nawe Bi Noreen, ahsante kwa ushirikiano. Sasa sogea kidogo na huyo mtoto, vijana wanataka kuung'oa uzio.