Nilivyonyoosha Mkono Darasa la Tatu

Jamani, naomba niseme mwenyewe kabla watoto wa darasa la tatu hawajawafikishia habari. Leo nimejidhalilisha darasani. Mie, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, muuza maharage sokoni Tandale, niliyeacha shule kidato cha pili. Darasani! (Naona mnajiweka vizuri kwenye viti. Haya.)

Nianze na huyu mdogo wangu, Zuhura. Anasomea ualimu. Wazazi walipotutoka mie ndiye niliyekuwa mkubwa, nikaweka madaftari chini nikashika mizani. Sijutii. Ila nilijiapiza kwamba mmoja wetu atasimama mbele ya ubao. Kwa hiyo ualimu wa Zuhura nimeusomea naye hatua kwa hatua. Alipojaza fomu za kuomba chuo nilimshikia tochi ya simu, maana umeme ulikatika. Mwaka wa kwanza, walipokuwa wakifundishana wenyewe kwa wenyewe chuoni, mmoja mwalimu na wengine wakijifanya watoto, mie nilikuwa nasimuliwa kila kitu. Najua azimio la kazi ni la muhula mzima na andalio la somo ni la kipindi kimoja. Najua kipindi kina utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakari na hitimisho. Nendeni mkamuulize muuza maharage mwingine yeyote kama anayajua haya.

Sasa yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, shule ya msingi moja si mbali na soko. Mkufunzi wa chuo huja kumtazama akifundisha mara mbili, bila kumwambia siku. Mara ya kwanza iliharibika. Mtoto alikosea jibu, Zuhura akaingiwa na woga, akamfokea: "Kaa chini!" Mtoto akalia. Mkufunzi akaandika kwa wino mwekundu: hajui kumsaidia mwanafunzi aliyekosea. Siku ile Zuhura alirudi nyumbani hakugusa chakula. Akianguka na mara ya pili, anarudia mazoezi mwakani huku wenzake wakisubiri ajira.

Basi tukafungua darasa sebuleni. Yeye na mlango wa kabati, ambao ndio ubao. Mie juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kaka, wewe kazi yako ni kukosea," akaniambia.

"Kwa nini nisiwe wa kupata?"

"Wa kupata nitawapata tu. Wa kukosea ndio wananishinda."

Basi nimekosea wiki tatu, kwa moyo wote. Somo ni sehemu: nusu na robo. (Mie! Ninayepima nusu na robo tangu asubuhi hadi jioni!) Yeye anainua maduara ya maboksi aliyoyakata na kuyapaka rangi, anauliza, "Nani ataniambia, kati ya nusu na robo, ipi ni kubwa?" Mie nanyoosha mkono, naviliza vidole, nasimama, najibu: "Robo, mwalimu! Kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili." Alisema ndivyo watoto wanavyokoseaga. Halafu ananisahihisha kwa upole, nakaa, tunarudia. Nadhani tumerudia mara mia.

Leo saa tatu asubuhi, niko sokoni napepeta, simu ikalia. Ujumbe wa Zuhura: "Kaka zana!!! Ziko juu ya kabati!!! Madam amefika!!!"

Nilimwachia jirani meza, nikakimbia. Nyumbani, kabati, boksi la maduara, bodaboda. Nilifika shuleni jasho linatiririka, makapi ya maharage kichwani kama nimetoka harusini. Nikagonga mlango wa darasa. Watoto wakasimama wote kwa pamoja:

"Shikamooo mgeni weeetu!"

Nikageuka nyuma kuangalia huyo mgeni. Hakuna mtu.

"Marahaba," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, sijui ya nani.

Zuhura akapokea boksi. Nikageuka nitoke. Hapo ndipo nikaisikia sauti kutoka nyuma ya darasa.

"Baba, usitoke sasa hivi. Kipindi kimeanza, unawavuruga watoto. Kaa huku nyuma hadi kiishe."

Ni mama mmoja mtu mzima, miwani imeshuka puani, faili mapajani. Madam mwenyewe, mkufunzi wa chuo. Kiti kilikuwa kimoja tu, na amekikalia yeye. Nikaelekea dawati la mwisho, watoto watatu wakabanana, nikaingia. Kuingia niliingia. Magoti yakagusa kidevu.

Mtoto wa kiume aliyekaa kulia kwangu akaniangalia kwa muda mrefu.

"Wewe si ndo unauzaga maharage?"

"Ndiyo. Nyamaza."

"Mama anasema unapimaga vizuri."

Sitaki kudanganya, nilifurahi. Nikakaa wima kidogo.

Zuhura alianza vizuri. Utangulizi ukapita. Lakini darasa lilikuwa baridi. Watoto walikuwa wanamwogopa Madam. Kila akigeuza karatasi, wanageuka kumwangalia. Zuhura akiuliza, kimya. Akiuliza tena, mmoja anajibu kwa kunong'ona. Mie kule nyuma nimefumba ngumi, natamani nimwombee dua kwa sauti. Maarifa mapya yakafika. Akatoa maduara. Akainua moja mkono wa kushoto, jingine mkono wa kulia, kama vile sebuleni.

"Nani ataniambia, kati ya nusu na robo, ipi ni kubwa?"

Hakuna mkono hata mmoja.

Sasa hapa naomba mnisikilize kwa huruma. Sikuamua. Naapa sikuamua. Mkono ulipanda peke yake. Vidole vikalia, ta, ta, ta! Nikajisikia nasema, "Mwalimu mie! Mwalimu mie!" Nikamwona Zuhura macho yakimtoka. Akatikisa kichwa, kidogo sana, hapana kaka, hapana. Lakini mie nilishaanza kusimama. Na dawati nalo lilikuwa limenikamata mapaja, likasimama na mie, na watoto watatu juu yake wakipiga kelele.

Nikajibu kwa sauti ya sokoni:

"Robo, mwalimu! Kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili!"

Kisha mtoto wa kulia kwangu akasema, taratibu, kwa masikitiko ya mtu mzima:

"Kumbe!"

Darasa likalipuka. Watoto themanini na kitu! Wengine walilala juu ya madawati. Mmoja alitoka mbio akamwambie mwenzake wa darasa la jirani, akarudishwa mlangoni. Mie nimesimama, nimevaa dawati, jasho limekauka mwilini. Madam akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akachukua kalamu.

Nikamtazama Zuhura. Mdomo wake ulikuwa umeshajikunja kwa lile neno la siku ile, "Kaa chini!" Niliuona. "Ka..." Nikajua basi. Kazi ya miaka, nimeizika kwa kidole kimoja.

Akafumba macho. Akafumbua.

"Asante kwa kujaribu," akasema. "Hata mimi nilipokuwa mdogo nilifikiri hivyo. Kaa, taratibu, usivunje dawati. Haya, nani atamsaidia mwenzetu?"

Mikono yote ikapanda! Yote! Wale wale waliokuwa mabubu, sasa wanapigana vikumbo ili wanisaidie mie. Akachaguliwa binti mmoja mwembamba, meno mawili ya mbele hana. Akachukua maduara mezani, hakwenda ubaoni, akaja moja kwa moja kwangu. Akaweka robo juu ya nusu, mbele ya pua yangu.

"Umeona? Imebaki nafasi."

"Nimeona."

"Robo mbili ndo zinajaza nusu. Sema."

"Robo mbili ndo zinajaza nusu."

"Kwa nguvu."

"ROBO MBILI NDO ZINAJAZA NUSU!"

Nikapigiwa makofi. Na baada ya hapo hakuna aliyemkumbuka Madam tena. Watoto walijibu hadi hitimisho, na kila aliyejibu alinigeukia kuhakikisha kama nimeelewa.

Kengele ilipolia Madam alituita wote wawili kwenye korido. Mwalimu mkuu naye akatokea, sijui aliitwa na nani, akasimama pembeni ameuma midomo asicheke.

"Mwalimu Zuhura," Madam akasema, "kwenye andalio lako umeandika wanafunzi themanini na wawili. Mimi nimewahesabu themanini na watatu."

Zuhura aliinamisha kichwa. "Ni kaka yangu, Madam."

"Ulimpanga?"

"Hapana, Madam. Wallahi."

"Kosa langu, shikamoo mama," nikadakia. (Salamu ilitoka mwishoni, hivyo hivyo.) Nikamweleza yote. Ndoo, kabati, wiki tatu za kukosea. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Mwalimu mkuu akajifanya anakohoa, akaingia ofisini kwake, tukamsikia akicheka huko ndani peke yake.

Madam hakucheka. Akafungua faili.

"Mara ya kwanza nilikuandikia hujui kumsaidia aliyekosea. Leo amekosea mtu mwenye ndevu, na umemsaidia. Hapo umepata alama zote. Lakini zana ulisahau nyumbani, nimekata. Na utulivu wa darasa nimekata. Nyingi." Akanitazama. "Hizo za utulivu mdai huyu."

"Nimefaulu, Madam?" Zuhura aliuliza kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mdogo.

"Umefaulu. Kwa kiwango cha wastani. Ungepata vizuri sana."

Akaondoka. Nikataka kumkumbatia mdogo wangu. Akarudi hatua moja nyuma.

"Kaka, nakupenda," akasema. "Ila siku nyingine nikisahau kitu nyumbani, hata kama ni viatu, niache nifundishe peku."

Nimerudi sokoni. Nimekaa nyuma ya gunia, nimejiinamia. Nina furaha moyoni, mwalimu nimempata, lakini kila nikikumbuka lile dawati mapajani nasikia masikio yanawaka. Ile "vizuri sana" ilikuwa yake, na niliyemnyang'anya ni mie niliyeihangaikia miaka yote.

Kwa hiyo wenye wadogo zenu vyuoni, sikilizeni ushauri wa aliyeungua: msindikize mpaka getini, mpe mkono, halafu geuka urudi ulikotoka.