Kichwa cha Fisi

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wanaume wote wa Gitothua, na nguo nilikuwa nimevaa. Jamaa zangu wa meza hii ya dama, heri mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine.

Mnaijua ile katuni yangu ya Fisi na Sungura katika kigazeti cha Jumamosi. (Imeishi wiki tatu, umri wa kifaranga.) Juzi Fisi aliingia zizini kwa Mbuzi amevaa gunia kichwani, lenye matundu ya macho. Mbuzi wakapangwa mstari, naye akawa anawachagua kwa kuinamisha kichwa. Sungura akamwambia, "Mjomba, uso umeuficha, na mkia je?"

Tangu hapo nimekunywa chai ya bure Thika nzima. Wazee wananishika mkono bila neno. Walidhani nimemchora gakunia, yule msaliti anayeletwa na askari amefunikwa gunia, awaonyeshe nani wa kukamatwa. Nami nikajikausha, nikanywa chai. Ukweli ni kwamba kichwa cha fisi kinanishinda kuchora. Kila nikijaribu hutoka punda. Gunia lilikuwa la kuficha aibu yangu.

Asubuhi nilikwenda Gitothua kwa dada yangu. Askari wakatuzingira, wanaume wote tukaambiwa tuchuchumae uwanjani, mikono kichwani. Gakunia akaletwa, akapita polepole. Alipofika kwa Njoroge, fundi wa baiskeli, gunia likainama. Njoroge akapandishwa kwenye lori, spana bado mfukoni. Mkewe alilia mpaka sauti ikamkauka.

Kwangu gunia halikuinama. Lakini askari aliyesoma kipande changu cha utambulisho alilikumbuka jina, akamwita bwana mkubwa, Mzungu wao, naye akaja na kigazeti mkononi.

"Hii fisi ni nani?"

"Ni fisi tu, bwana."

"Kwa nini vaa gunia?"

Nikalitazama lori. Nikawatazama wale wazee walioninywesha chai, nao wamechuchumaa. Nikasema kweli (kwa sauti ya mtoto aliyekojoa darasani) kwamba sijui kuchora kichwa cha fisi.

Akanipa penseli. "Chora."

Nikachora pembeni mwa kigazeti, palipokuwa peupe. Jamani, sijawahi kujitahidi vile maishani. Bwana mkubwa akatazama, akampa sajenti, sajenti akainua juu watu wote waone.

"Punda," akasema.

Wazee wakainamisha macho. Kisha mtu mmoja akacheka, ndani ya gunia. Kicheko kikapanda, kikakatika, kikaishia na kwikwi.

Nikaambiwa niende zangu, na katuni ikome. Nikipita, mzee mmoja akanong'ona, "Kumbe chai yetu tulimnywesha punda." Nilistahili. Lori likaondoka na Njoroge.

Nimekuja hapa moja kwa moja kwa sababu kicheko kile nimekizoea. Nakisikia mezani hapa kila Jumamosi, kete yangu ya mwisho ikiliwa. Sitamtaja mtu. Ila nawaomba, leo asicheke hata mmoja, ili niendelee kujiambia kwamba masikio yangu nayo hayajui kazi, kama mkono wangu.